Dozi Zinazobaki Ziende kwa Nani?

Mtu asiyepata kusimama Vigwaza saa za alasiri hajui foleni ni kitu gani. Magari ya mizigo yatokayo bandarini Dar es Salaam, yenye safari ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, hujipanga kando ya Barabara ya Morogoro yakingoja zamu yao ya mizani. Madereva na utingo wao hushuka, hunyosha miguu, hununua maji na mahindi ya kuchoma, huulizana habari za njia. Lakini mtu akiiacha lami na kushika njia ya vumbi, haendi mbali kabla hajakutana na Vigwaza nyingine: wakulima wa kandokando ya mto Ruvu, na wafugaji wa Chamakweza ambao nyumba zao zimeachana kwa mwendo mrefu wa miguu. Mahali ni pamoja, ila watu ni wa namna mbili: wale wanaopita ambao kesho hawapo, na wale waliopo siku zote ambao kuwafikia ni kazi. Zahanati yo yote iliyo kando ya njia kuu huwatumikia wote hao.

Twaanza hapo kwa sababu jambo tunalotaka kulieleza leo ni dogo kwa kimo, na mahali kama hapo ndipo linapoonekana wazi. Jambo lenyewe ni dozi za chanjo zinazobaki ndani ya kichupa baada ya waliokuja kwisha kuchanjwa.

Wengi wetu hudhani kwamba chanjo huja moja moja kama vidonge, ya huyu kando na ya yule kando. Sivyo. Chanjo ya kifua kikuu, ile ya BCG inayoacha kovu begani, huja katika kichupa cha dozi 20. Ya surua na rubela, ambayo watoto wetu huchanjwa wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18, aghalabu huja katika kichupa cha dozi 10. Zote mbili ni unga mkavu, na haziwi chanjo mpaka mwuguzi azichanganye na maji yake maalumu yaliyoletwa pamoja nazo. Tangu dakika hiyo saa zaanza kuhesabiwa. Zikipita saa 6, au kikao cha kliniki kikimalizika kabla ya hizo saa 6, kilichobaki hakina budi kutupwa, hata kama ni dozi 19.

Zipo chanjo zenye subira zaidi. Matone ya polio, chanjo ya pepopunda, na ile inayokusanya kinga tano pamoja, zaweza kutumika hata siku 28 baada ya kichupa kufunguliwa, mradi zimetunzwa katika baridi ipasavyo na kile kibandiko kinachobadilika rangi kwa joto hakijasema vinginevyo. Hizo hazitutii mashaka leo. Mashaka yetu ni juu ya zile za saa 6.

Wauza maziwa wa kando ya njia hiyo wanalifahamu jambo hili kuliko sisi waandishi. Mwenye baiskeli na madumu yake anajua ya kuwa jua likipita utosini maziwa hayamngoji. Kwa hiyo kabla hajatoka nyumbani anao watu kichwani: fulani huchukua lita 2 kila siku, mwenye mgahawa huchukua 5, na zikibaki mbili tatu yuko mama wa nyumba ya tatu ambaye hakatai. Hata hivyo mwenye maziwa amebahatika, maana yakimshinda kuuza hugeuka mtindi, nao una wateja wake. Chanjo iliyobaki haigeuki kitu. Na hata hivyo zahanati nyingi hufungua kichupa bila ya kuwa na yule mama wa nyumba ya tatu.

Tumepata kushuhudia, katika zahanati moja ya mbali na huku tusiyopenda kuitaja, mama aliyekuja na mtoto wa miezi 9 kupata chanjo ya surua. Alikuwa peke yake benchini. Mwuguzi alikuwa kijana, mpole wa maneno.

“Mama, itabidi urudi Alhamisi, wakishafika watoto wengine.”

“Nimekuja kwa miguu, dada.”

“Najua, mama. Lakini nikifungua kwa huyu mmoja, hizo tisa nitazijibu vipi?”

Yule mama hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka, na sisi hatujui kama Alhamisi ile alirudi. Twakiri kwamba siku ile tulimlaumu mwuguzi mioyoni mwetu. Baadaye tukaona kwamba tumemwonea. Mwuguzi ana kitabu, na kitabu kina mstari wa dozi zilizopotea. Mkubwa wake akija kukagua, mstari huo huonekana. Lakini mtoto aliyerudishwa haonekani mahali po pote, kwa kuwa asiyechanjwa haandikwi. Mtu yeyote akiwekwa kati ya kosa linaloandikwa na kosa lisiloandikwa, ni wachache watakaolichagua lile linaloandikwa.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kulitolea jambo hili neno: kichupa kifunguliwe hata akiwa mtoto mmoja tu, kwa kuwa kumpoteza mtoto ni hasara kubwa kuliko kumwaga dozi. Sisi twaliunga mkono neno hilo bila ya masharti. Surua huenea kwa upesi usio na mfano. Ili isipate njia katika mji au kijiji, yatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Kijiji kinachowarudisha watoto wawili leo na watatu wiki ijayo kinajichimbia shimo polepole. Na bei ya kichupa kizima ni dola chache za Kimarekani, fedha ambayo haitoshi hata kumlaza wodini mtoto mmoja aliyeingiwa na surua kifuani.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini dozi zinazobaki zisiwekwe katika jokofu mpaka kesho? Swali ni la haki, na jibu lake liliandikwa kwa machozi. Mwezi Mei 2017, katika eneo la Kapoeta huko Sudani Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanjo yenyewe haikuwa na kosa ilipotoka kiwandani. Kosa ni kwamba bomba moja la sindano la kuchanganyia lilitumiwa siku zote 4 za kampeni, na chanjo haikuwekwa katika baridi. Katika kichupa kilichochanganywa hamna dawa ya kuua vijidudu. Kijidudu kimoja kikiingia, kwa joto la nchi zetu, baada ya saa chache huwa jeshi. Basi mtu asije akadhani kwamba kuweka akiba ya namna hiyo ni kuhurumia mali ya umma.

Kama kuweka hakufai, na kumrudisha mtoto hakufai, imebaki njia moja, nayo ni kuwatafuta watu kabla ya saa kwisha. Watu hao hawawezi kutafutwa wakati jua linazama. Yapasa majina yao yawe yameandikwa tangu jana. Hilo ndilo daftari la akiba tunalolisema.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa haraka na kwa aibu katika siku za korona. Twachukua mifano miwili ya Marekani, nchi isiyo na upungufu wa majokofu wala wa magari.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 2020, katika jimbo la Texas, jirani na Houston, daktari Hasan Gokal alikuwa akifunga kituo cha chanjo alipotokea mtu wa mwisho. Kichupa kipya kilifunguliwa kwa ajili ya huyo mmoja, kikabakiza dozi 10, na saa 6 zikaanza kukimbia. Hapakuwa na daftari. Daktari akashika simu, akawauliza jamaa na marafiki kama wanawafahamu wazee au wagonjwa, akazunguka usiku ule nyumba hadi nyumba akichanja. Ya mwisho, aliyepangiwa aliposhindwa kufika, akampa mkewe aliye na maradhi ya mapafu, dakika chache kabla ya saa kwisha. Akafukuzwa kazi, kisha akashitakiwa kwa wizi. Hakimu aliitupilia mbali kesi ile mwezi Januari 2021, na mwezi Juni baraza la raia likakataa kumshitaki tena. Wako waliomwona shujaa na wako waliomwona mtu aliyegawa mali ya umma kwa anaowajua. Sisi twaona ya kwamba alikuwa mtu mwema aliyeachwa peke yake na kazi ambayo ilipaswa kufanywa mezani, mchana, siku tatu kabla. Lau angalikuwa na orodha iliyopigwa mhuri, kila jina na nambari yake, nani angalimwuliza kwa nini amemchanja huyu na si yule?

Mfano wa pili ulitukia mwezi uliofuata, tarehe 26 Januari 2021, katika jimbo la Oregon. Watumishi wa afya wa Josephine walikuwa njiani kurudi kutoka kuchanja, wakakwama katika foleni ndefu ya magari kwa sababu ya theluji, nao wana dozi 6 mkononi ambazo zingeharibika kabla hawajafika. Wakashuka, wakaenda gari hadi gari wakiuliza nani anataka chanjo, huku gari la wagonjwa likingoja tayari kama mtu angedhurika. Dozi zote 6 zikapata wenyewe. Tuliposoma habari ile, mawazo yetu yalikwenda moja kwa moja kwenye mizani ya Vigwaza. Theluji hatunayo, lakini foleni tunayo, na ni ya kila siku.

Huko Korea ya Kusini hawakuingoja bahati ya njiani. Kuanzia mwisho wa Mei 2021 dozi zilizobaki katika kila zahanati zilionekana katika simu za watu, na aliye karibu akajiandikisha palepale. Ni jambo zuri kwa nchi ambayo kila mtu ana simu ya namna hiyo. Mfugaji wa Chamakweza mwenye simu ya vibonyezo, anayepanda kichuguu kutafuta mtandao, atahitaji njia nyingine, na njia hiyo tunayo tutaitaja punde.

Hapa kwetu, dozi 1,058,400 za chanjo ya korona ya Janssen ziliwasili Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2021, nayo tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu mbele ya umma. Kila kichupa kilikuwa na dozi 5, na saa zake zilikuwa zile zile 6. Si siri kwamba mwanzo wa mwaka huo Serikali ilikuwa imesema haina mpango wa kuleta chanjo hizo, na maneno ya vijiweni yalikwisha kuota mizizi. Hivyo watu walikuja kwa matone. Mwanzo wa 2022 waliokamilisha chanjo hawakufika watu 3 katika kila 100. Kufikia Aprili 2023 walizidi nusu ya wananchi wote. Kilichofanya mabadiliko hayo ni kwamba chanjo iliacha kungoja mezani ikawafuata watu sokoni, stendi na majumbani. Mahali palipo na watu wengi kichupa hakibakizi. Lakini pale penye mtu mmoja saa tisa alasiri palihitaji orodha, na palipokosa orodha dozi 4 zilimwagwa au mtu yule akaambiwa arudi kesho.

Twawafikiria hasa madereva wa magari makubwa. Mwaka 2020 walizuiliwa mipakani wakingoja vipimo, wakalala chini ya magari yao, wakasingiziwa kueneza ugonjwa kila walipopita. Kumbe chanjo ile ya sindano moja ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yao, maana dereva ambaye leo yuko Vigwaza na wiki ijayo yuko Lubumbashi hawezi kuahidi kurudi kwa ya pili. Mtu aliyesimama katika foleni ya mizani ni mtu wa akiba aliyejileta mwenyewe. Hana haja ya kupigiwa simu; yatosha mhudumu mmoja kutoka na kuuliza. Akae dakika 15 aangaliwe hali yake, kisha ashike usukani. Maradhi mapya yakija tena, kwani yatakuja, twaomba wakuu wa afya wa njia kuu walikumbuke hilo mapema.

Kwa chanjo za watoto mambo ni tofauti, nasi hatutaki kumdanganya msomaji. Dozi ya surua iliyobaki hapewi mpita njia ye yote. Wa kupewa ni mtoto aliyefikisha umri na hajachanjwa, au aliyepitwa na ile ya miezi 18, na hao ni wengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu mama hukumbuka ile ya kwanza na akaisahau ile ya pili mtoto anapokwisha kutembea. Daftari la akiba la zahanati, basi, ni daftari la watoto waliopitwa. Liandikwe jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, chanjo anayodaiwa, simu ya mzazi au ya jirani, na neno moja ambalo kwa kawaida husahauliwa: kutoka kwao hadi zahanati ni mwendo wa muda gani. Mwuguzi akiona saa nane kwamba ana dozi 6 na saa mbili tu, hana faida ya kumwita aliye mwendo wa saa tatu.

Na heri zaidi asifike kwenye hesabu hiyo. Kama kichupa kina dozi 10, waitwe watoto 12 siku moja, kwa kuwa wawili watakosa kuja. Aliyekuja peke yake siku nyingine afunguliwe naye bila ya kunung'unikiwa, na papo hapo daftari lifunuliwe waitwe wa karibu. Wafugaji wafuatwe kwa huduma ya mkoba, wauguzi wakienda na kasha lao la baridi na vichupa vizima, kwani kichupa kilichokwisha kuchanganywa hakitembezwi kijiji hadi kijiji.

Sasa, nani atakayeyakusanya majina? Hapa twawageukia ninyi wanachama. Tangu miaka ya 1960 nchi hii ina mabalozi wa nyumba kumi kumi, na hakuna ofisi inayojua kama balozi ajuavyo nani amejifungua, nani amehamia juzi na ng'ombe wake, nani amempeleka mtoto kwa bibi yake Lugoba. Balozi anayejua kukusanya watu kwa mkutano hashindwi kukusanya majina 8 ya watoto na kuyapeleka kwa mhudumu wa afya ya jamii. Kwa yule asiye na mtandao, mguu wa balozi ndio simu.

Lakini twasema kwa sauti, ili mtu asije akajidai hakusikia: daftari hilo si la chama. Ugonjwa hauulizi kadi. Balozi atakayeruka nyumba ya mtu kwa sababu ya bendera yake, au kwa sababu ni mfugaji mgeni na wenyeji wana ugomvi naye juu ya malisho, atakuwa amefungua mlango wa surua katika nyumba zake zote kumi, na ya kwake ikiwamo. Kwa sababu hiyo zamu ya majina isiwe siri ya mtu mmoja. Anayeitwa kwanza ni aliyepitwa siku nyingi zaidi kati ya wale wanaoweza kufika, na zamu hiyo ijulikane kwa kamati ya zahanati. Jina la mtoto wa mwenyekiti likionekana juu, paonekane na tarehe iliyolipandisha.

Tena asiyeitikia simu asifutwe. Tumesikia ikisemwa kwamba mama asiyekuja alipoitwa “hataki chanjo.” Pengine simu ilikuwa haina moto, pengine alikuwa mtoni. Mwaka 1977, katika mji wa Merka, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alikuwa mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida. Alifanya kazi hospitalini, katikati ya chanjo, na akapitwa. Alipona, na miaka mingi baadaye alizunguka katika nchi yake akiwahimiza wazazi juu ya chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Basi aliyepitwa si adui. Aandikwe tena, aitwe tena.

Kwa wakaguzi tuna ombi moja. Mkifungua kitabu cha mwuguzi mkaona dozi zilizotupwa, msianze kwa kufoka. Ulizeni kwanza kama daftari la akiba lipo, kama simu zilipigwa, kama kuna mtoto aliyerudishwa mwezi ule. BCG hasa haitaacha kubakiza. Kata ndogo haiwezi kuzaa watoto 20 kwa siku moja ili kukiridhisha kichupa. Mwuguzi aliyekifungua kwa vichanga watatu, akawapigia waliokuwa karibu, akampata wa nne, amefanya kazi yake. Zile 16 azitupe katika taka zake maalumu, aandike hesabu yake bila ya hofu, afunge mlango aende nyumbani.